Ubeti Waliotaka Niukate

Mtu wa kwanza kutoa maoni juu ya albamu yetu alikuwa dereva wa lori aliyekuwa anarudi kutoka Ndola, na hakujua kwamba anaongea na mmoja wa walioiimba. Alisimama mbele ya kibanda changu akaiweka flashi yake juu ya kioo, kama mtu anayerudisha nyama iliyooza buchani.

"Sista, humu ndani uliniwekea nini?"

"Ulisema nikujazie."

"Nilisema unijazie muziki. Nimefika Mpika, nimechoka, natafuta kitu cha kuniamsha, nasikia mtu anasimulia msiba. Halafu anaingia mwingine na lugha yake, sijui anamgombeza nani. Napitiliza, wimbo unaofuata ni walewale."

"Ukapitiliza yote?"

"Ningepitilizaje yote? Barabara ile ina mashimo, na usukani nao unataka mikono." Akafikiri kidogo, akaegemea kioo changu. "Yule wa kwanza ana hasira, namkubali. Lakini zile breki za upepo waliweka za nini? Nilisimamisha gari nikashuka kukagua matairi. Tandiboi wangu amenicheka mpaka Nakonde."

Nilimwomba radhi kwa usumbufu wa matairi tu. Kwa mengine sikuomba. Niliichomeka flashi yake kwenye kompyuta, nikamfutia nyimbo zetu mbele ya macho yake kama alivyotaka, nikamwekea taarabu na dansi la zamani. Alipoondoka nilikaa kwenye stuli yangu nikacheka peke yangu. Mtu ambaye kazi yake ni kuishi na breki za upepo alikuwa amesikia breki zetu akaamini ni zake. Mpaka leo hakuna mchambuzi aliyetusifu kuliko huyo aliyekuja kulalamika.

Kazi yangu ni kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia ikirudi nyuma hadi Mpemba, dereva anaweza kukaa siku kadhaa akisogea hatua kwa hatua, na hapo ndipo anapokumbuka kwamba nyimbo zake amezichoka. Anashuka, ananiachia flashi, anasema "nijazie," anaenda kula. Hachagui. Anachagua mtu wa kumchagulia, na akishakuamini hakubadilishi. Albamu yetu ilipokamilika na hakuna redio iliyoitaka, nilianza kuweka nyimbo zetu mbili tatu katikati ya kila mzigo niliojaza. Wapo waliosema huo ni ujanja. Mimi nasema wale waliokuwa na redio walikuwa wanaweka nyimbo za rafiki zao kila siku, na hakuna aliyeuita ujanja.

Mwenzangu anasuka nywele upande wa pili, Nakonde, kwenye kibaraza cha duka la vipodozi. Tulijuana kwa sababu ya kichwa changu. Nilivuka kwenda kusukwa, na alipokuwa ananichana alikuwa anaimba chinichini maneno ya haraka haraka, Kibemba na Kinamwanga vikipishana, akiwasema wateja wake waliotoka bila kuaga. Nikamjibu kwa Kiswahili. Akanivuta nywele, akasema, "Endelea." Niliporudi nyumbani na kichwa kinauma tulikuwa tumeshapata wimbo wa kwanza.

Mistari yetu yote tuliipima hivyo, kwa mikono yake. Msuko mmoja kutoka kwenye paji hadi kisogoni ndio uliokuwa mstari mmoja. Nikizidisha maneno, mkono wake unafika shingoni na mimi bado naongea, basi ananipiga kwa kitana na kuniita mayo, yaani mama kwa Kibemba.

"Punguza, mayo. Nywele zimeisha."

"Neno moja tu limebaki."

"Neno moja ukaliweke kwenye kichwa cha mtu mwingine."

Tulirekodi huku Tunduma, kwenye chumba cha kijana anayetengeneza simu, ndiye prodyuza wetu, magodoro yameegemezwa ukutani. Chumba kiko barabarani. Mwanzoni tulikuwa tunasubiri kimya. Malori hayana kimya. Yanasogea, yanasimama, yanatoa ile pumzi yao, na kila pumzi ilikuwa inatuharibia. Siku moja mwenzangu alichoka, akamwambia prodyuza asizime, akaanza kuchana mistari, na breki zilipolia alizipokea kama ngoma, akaingia juu yake. Tukaacha hivyo. Albamu tukaiita Huku na Kule, kwa sababu ndivyo tunavyosema hapa: mtu yuko huku, au ameenda kule, na kila mtu anaelewa mpaka uko wapi.

Wimbo uliotuletea maneno ni ule wa nne, wa matanga.

Nieleze kwanza ilivyokuwa. Baba alitangulia, mama akafuata kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajakomaa. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu wa kiume alikuwa shule ya msingi, na kitinda mimba alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ndugu walikuja kutoka Ndalambo, kutoka Chitete, na wengine kutoka kule ng'ambo, na unga vichwani na kuni mabegani, kama ilivyo kwetu. Walilia na sisi, walipika, waliimba. Sina neno baya juu ya hayo. Matanga yalipokwisha walikaa ndani kwenye mikeka kufanya kikao cha mwisho, na kikao cha mwisho ndicho kinachogawa. Wanagawa nguo za marehemu, wanagawa vyombo, wanagawa na watoto.

Kwetu hilo si ukatili. Ndivyo watoto wanavyopata pa kula. Nilikuwa nje nasugua sufuria nikasikia tunavyogawiwa: wa kiume aende Chitete kwa baba mdogo, kuna ng'ombe wa kuchunga. Mdogo achukuliwe na shangazi. Mimi nipelekwe Mkwajuni kwa ndugu mmoja anayepikia wachimba dhahabu, maana nimeshakuwa mwali na mikono ninayo.

Niliacha sufuria nikasimama mlangoni. Nikasema hatugawanyiki.

Shangazi akasema, "Mtoto haingilii kikao."

"Basi nitoeni."

"Utawalisha nini?" akauliza baba mdogo. Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua.

"Kesho naanza," nikasema.

Na kesho yake nilianza. Shule ikaishia pale. Nilichemsha mahindi nikayapitisha kwenye foleni, dirisha kwa dirisha, na nyimbo nilizojifunza zilitoka kwenye madirisha hayo. Ndugu walikasirika kwa muda mrefu. Hakuna aliyetuletea hata unga, labda kwa kutaka tushindwe upesi turudi kwenye mpango wao. Hatukushindwa. Tulilala na njaa siku nyingine, lakini tulilala chumba kimoja.

Ubeti wangu katika wimbo wa nne unasema hayo. Ubeti wa pili ni wa mwenzangu, nao unasema ya kwake, kwa sababu yeye aligawanywa. Walikuwa wawili, yeye na kaka yake. Yeye alichukuliwa na mama mkubwa Nakonde, kaka alipelekwa kwa upande wa baba, Ndalambo, na mpaka ukawa katikati yao. Walipokutana tena walikuwa watu wazima, na kaka alimsalimia kama anavyosalimiwa mgeni aliyekuja na mwenyeji wake. Basi ubeti wake unamkumbusha. Anamwambia chungu chao kilichovunjika sikio, mbwa aliyekuwa anaogopa kuku, nani kati yao alikuwa analala upande wa ukuta. Anamwambia hayo kwa Kinamwanga cha watoto, kile walichokuwa wanaongea wawili wakati wakubwa wamelala. Ukikijua, unasikia mtoto anamwita mwenzake. Usipokijua, kama yule dereva, unadhani anamgombeza mtu.

Shangazi alikuja kibandani wiki chache baada ya nyimbo kuanza kutembea. Huyu ni yule yule aliyekuwa apewe kitinda mimba wetu. Amezeeka, anatembea na mwavuli hata kama hakuna mvua wala jua. Hakukaa kwenye stuli niliyompa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimekusikia kwenye bodaboda."

"Umenisikia vipi?"

"Imenipita hapo sokoni. Unaimba kikao chetu. Unawaambia watu wa malori kwamba ndugu zako waliwagawa kama mbuzi."

"Neno mbuzi silo langu, shangazi."

"Ulivyosema ilikuwa hivyohivyo. Tulitaka kuwasaidia. Mimi nilishashona na nguo ya kumbebea yule mtoto, unajua hilo?"

Sikulijua. Nikamwuliza kama alisikia wimbo wote.

"Bodaboda haisimami ikakusubiri," akasema. "Nilichosikia kinatosha. Unaiaibisha nyumba."

Nilimwambia nyumba ile niliibakiza mimi, na sidhani kama naiaibisha kwa kusema ilivyobaki. Shangazi alifungua mwavuli wake akaondoka bila kuaga. Niliumia, lakini sikuufuta wimbo. Ningeufutaje? Ulikuwa umeshavuka Tunduma uko Kapiri na Lubumbashi, kwenye flashi za watu nisiowajua.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyetupeleka redioni. Yuko chuo cha ualimu Mbeya sasa, na bila kutuambia alituma albamu nzima kwa mtangazaji mmoja wa huko mwenye kipindi cha hip-hop kila Jumamosi alasiri. Mtu huyo anaheshimika. Akisema wimbo ni mzuri, kesho yake vijana wa Vwawa, Mlowo na Mbozi yote wanaimba, na wengine wanaambiana kwamba walikuwa wanaujua tangu zamani. Mdogo wangu alirudi nyumbani mwisho wa wiki kwa makusudi, akavaa shati la kupiga pasi, tukakaa naye kibandani kusikiliza. Nilikuwa nimemwambia mwenzangu muda ili afungulie redio kule kwake.

Mtangazaji alikuwa na mgeni studio, wakaipitia albamu wimbo kwa wimbo.

"Hawa dada wana njaa," alisema, "na nataka muielewe hiyo njaa, ni ile ya kweli. Lakini Kiswahili chao jamani. Kimetoka Momba kwa miguu na kimefika kimechoka."

Mgeni akacheka. "Na huyu wa pili? Mimi nashindwa kujua anachana au anauza kuku."

"Anauza kuku wa Zambia."

"Na lile lori linalopita katikati ya wimbo, nalo ni msanii aliyeshirikishwa?"

Wakacheka sana. Mdogo wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mteja wangu mmoja, dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri kadi yake, akasema, "Hao wanawacheka ninyi?" Nikamwambia ndiyo, akae kimya tusikilize.

Mtangazaji akabadili sauti. Alisema huyu wa kwanza, yaani mimi, ana kitu ambacho hakukisikia kwa muda mrefu. Alisema wimbo wa nne ungeweza kuwa wimbo wa mwaka wa kanda hii. Tatizo, alisema, nusu ya albamu ni ya watu wote na nusu ni ya ukoo wao. "Wakiikata hiyo nusu, wana kazi nzuri."

Kipindi kilipoisha mdogo wangu aliinua kichwa. "Dada, umesikia? Kasema wimbo wa mwaka."

"Nimesikia na kuku."

"Kuku ni utani tu."

Mwenzangu alifika baadaye kidogo, anahema, mikono bado ina mafuta ya nywele. Kule wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tunaoishi hapa tunajua hilo tangu utotoni, na bado kila siku kuna mtu anakosa basi, anakosa mazishi, anakosa harusi, kwa sababu mmoja alisema saa bila kusema ya wapi. Mimi nilikuwa nimesema saa kumi. Nilisahau kusema ya huku. Alifungulia redio akakuta nyimbo za kwaya.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema vizuri," mdogo wangu akajibu upesi.

"Wamesema ukatwe," nikasema.

Alitutazama wote wawili. Nilimweleza yote, mpaka na kuku, kwa sababu asingesikia kwangu angesikia sokoni.

"Awe," alisema, hapana ile ya Kibemba anayoitumia akishangaa. "Kuku wangu walishaliwa na mwewe. Ningeuza nini?" Akacheka kicheko kifupi, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akasema, "Kama wanakutaka, nenda. Mimi nina vichwa vya watu vinanisubiri."

Na walinitaka. Ujumbe ulikuja kabla ya Jumamosi nyingine: mtangazaji anataka nifike studio kwake, nirudie wimbo wa nne, aurushe yeye mwenyewe. Mdogo wangu alinipigia mara nyingi siku hiyo. Alisema watu chuoni kwake wameanza kuniulizia. Alisema nimebeba mzigo tangu mdogo na sasa kuna mtu anataka kunishika mkono. Kitinda mimba wetu, ambaye sasa anasoma sekondari na ana mdomo kama wangu, alisema tu, "Nenda usikie, dada. Kusikia si kukubali."

Nilienda. Nilitaka pia. Sitajifanya kwamba sikutaka. Nilifunga kibanda nikavaa viatu vyangu vya kanisani, na njia nzima hadi Mbeya nilikuwa naupitia ubeti wangu kimoyomoyo.

Mtangazaji alikuwa kijana kuliko sauti yake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniagizia chai, akaniita "dada mkubwa." Hakuwa mtu mbaya, na kama angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi. Alinisimamisha mbele ya mikrofoni ambayo sijawahi kuona mfano wake, kwenye chumba ambacho ukinyamaza unasikia damu yako. Akaniomba nirudie mstari wa kwanza, taratibu, ulimi usiteleze.

Nikarudia.

"Vizuri. Sasa unasikia tofauti na ule wa zamani?"

"Nasikia."

"Upi bora?"

"Huu ni safi," nikasema. "Ule ni mimi."

Akatabasamu kama mtu anayemsubiri mtoto akue. Akasema tutarudi kwenye hilo, kwanza nisikilize alichofanya na wimbo. Alikuwa ameshaukata kwa kompyuta ili nione utakavyokuwa. Akaufungulia. Ubeti wangu ulikuja, kikaja kiitikio, kikaja kiitikio tena, ukaisha. Hakuna breki. Hakuna mwenzangu. Ulikuwa wimbo mzuri. Ulikuwa umenyooka, mwepesi, ungeweza kuusikiliza ukiwa unafua nguo.

"Unaona?" akasema. "Hakuna mtu anayekosekana."

Pale ndipo nilipopata jibu langu. Matanga yakiisha na watu bado wamejaa, hata kikao cha kugawa watoto hakionekani kwamba kitaacha pengo. Nyumba inafagiwa, mikeka inakunjwa, mtu mmoja anaelekea huku, mwingine kule, na anayepita barabarani anaiona nyumba safi. Kwa macho ya mpita njia hakuna anayekosekana.

"Unajua anasema nini?" nikamwuliza. "Huyo uliyemtoa."

"Ndiyo hoja yangu, dada mkubwa. Hakuna anayejua."

"Mimi najua. Na hujaniuliza."

Akaniuliza. Ninampa heshima kwa hilo, aliuliza. Nikamwambia anamwita kaka yake. Akasema ni jambo zuri, linagusa, basi niliseme mimi kwa Kiswahili, mistari michache, kwa niaba yake.

"Kaka yake haniitikii mimi," nikasema.

"Wasikilizaji wangu hawana kaka Ndalambo."

"Wapo wenye nao. Na wasio nao wasikilize tu, kama tunavyosikiliza sisi nyimbo za Wakongo miaka yote bila kuelewa neno."

Mgeni wake wa siku ile, yule wa kuku, alikuwa amekaa pembeni. Alicheka, lakini safari hii alicheka kwa upande wangu, nadhani. Mtangazaji hakucheka.

"Mimi siwezi kuurusha kama ulivyo."

"Usiurushe."

"Dada, mlango kama huu haufunguliwi kila siku."

Nilimwambia asante kwa chai. Nilimwomba aufute ule uliokatwa, na aliufuta nikiona, kama mimi nilivyomfutia yule dereva. Kisha nikaenda stendi.

Mdogo wangu alikuja nyumbani na hasira yake Jumamosi. Hakukaa.

"Umetukosesha, dada. Mtu amekunyooshea mkono umeupiga."

"Hakuninyooshea mimi. Alimnyooshea nusu yangu."

"Maneno hayo ni ya kwenye nyimbo. Maisha si wimbo. Ungetufikiria na sisi."

"Niliwafikiria ninyi ndiyo maana nilisimama mlangoni," nikasema. "Wewe ungekuwa na fimbo Chitete sasa hivi. Ng'ombe wangekuwa wanakuita mwalimu."

Kitinda mimba alicheka hadi akaficha uso. Mdogo wangu alijaribu asicheke, akashindwa kidogo, kisha akakasirika zaidi kwa sababu nimemchekesha. Alisema si kitu kimoja. Nikamwambia kwangu ni kimoja. Mpaka leo hatujakubaliana, na chakula tunakula sahani moja.

Siku hiyohiyo mtangazaji alisema hewani, bila kunitaja, kwamba vipaji vya mpakani vina kiburi na kiburi hakijawahi kupigwa redioni. Sawa. Nilikuwa nimeshatoa spika kubwa ya kibanda nje, nimeielekeza barabarani. Kipindi chake kilipoanza nilifungulia albamu yetu kuanzia wimbo wa kwanza, mzima, na breki zake. Jumamosi iliyofuata nikafanya vilevile. Na iliyofuata. Kwenye flashi za madereva sikuficha tena. Niliandika kabisa kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo: Huku na Kule inapatikana hapa, nzima, haikatwi. Wapo walioniambia nipunguze kelele. Wapo walioshusha dirisha la lori wakasikiliza foleni ikisogea bila wao, nyuma yao honi zinalia. Dereva mmoja Mzambia alinipigia kelele kutoka juu kwamba biti iko nyuma na maneno yako mbele mno. Alikuwa na haki. Prodyuza wetu amekubali.

Mwenzangu hakuja Jumamosi za kwanza. Nilidhani ameona aibu, au amenichoka. Alipokuja alikuja na kitana chake, akanikalisha kwenye stuli mbele ya kibanda changu, akaanza kunifumua nywele bila kuniuliza.

"Ulikuwa uende," akasema. "Nilikwambia nenda."

"Nilienda."

"Ulikuwa uende ubaki."

"Usinivute."

Akanivuta. Hatukuongea tena juu ya hilo. Spika ilikuwa imefika wimbo wa tatu, na barabara imejaa.

Shangazi alitokea upande wa sokoni, mwavuli mkononi. Hakunisalimia, na mimi nilikuwa nimeinamishwa kichwa siwezi kuinuka. Nilimwamkia kutoka chini, akaitika kwa pua. Wimbo wa nne ukaanza. Alisimama wakati wa ubeti wangu kama mtu anayesubiri gari lipite avuke. Nilijua anaujua. Niliona viatu vyake vikigeuka kuondoka.

Kisha ukaingia ubeti wa pili, na viatu vikasimama.

Shangazi anakijua Kinamwanga kuliko sisi wote. Alisimama hapo chungu kikavunjika sikio, mbwa akaogopa kuku. Mikono ya mwenzangu ilikuwa imetulia juu ya kichwa changu. Lori likatoa pumzi yake, la kwenye wimbo au la barabarani, sikuweza kujua. Ubeti ulipofika pale anapouliza nani alikuwa analala upande wa ukuta, shangazi alisogea hadi kwenye kioo cha kibanda.

Nilisubiri aniambie tena kwamba naiaibisha nyumba.

"Hiyo redio yako ni mbovu," akasema. "Wewe unasikika mpaka sokoni. Mwenzako hasikiki."

Nilinyoosha mkono bila kuinua kichwa, nikaongeza sauti, nikaurudisha ubeti mwanzo.